Mbona Mlango Mpya Haufanani na Gari? Maswali ya Wateja Kuhusu Kulinganisha Rangi

Tunapiga rangi magari Dar es Salaam, mengi yakiwa yale yaliyoshuka bandarini kutoka Japani yakiwa yameshatumika. Maswali haya ndiyo tunayoulizwa gereji, mengine kwa upole, mengine mteja akiwa ameshakunja uso mbele ya fenda iliyopigwa kwingine. Tumeyajibu kama tunavyojibu ana kwa ana.

Nimenunua boneti ya mtumba yenye namba ya rangi ile ile ya gari langu. Kwa nini nikiifunga inaonekana ya gari jingine?

Kwa sababu ni ya gari jingine kweli. Namba ya rangi inaeleza gari lilikusudiwa kuwa na rangi gani siku linatoka kiwandani. Yaliyolipata baada ya hapo haiyajui.

Tuseme gari lako ni Toyota ya fedha, namba 1F7. Limelala nje miaka minane, jua la Dar limelipiga kuanzia saa tatu asubuhi, vumbi limefutwa kwa kitambaa kikavu kila siku. Boneti uliyonunua Ilala imetoka kwenye gari ambalo huenda lilikuwa na banda la kulala. Klia ya gari lako, yaani ile tabaka angavu ya juu kabisa, imeshaanza kuchoka na kuingiwa na unjano. Ya boneti bado ina uhai. Ukiziweka pamoja, jicho linaona mpaka kati ya hiyo na fenda hata kabla hujaambiwa.

Lipo na la pili ambalo wateja wengi hawalijui. Hata kiwandani rangi haitoki sawa siku zote. Hutengenezwa kwa mafungu, na gari la aina moja linaweza kuundwa katika kiwanda zaidi ya kimoja. Ndiyo maana watengenezaji wa rangi za gereji huweka fomula kadhaa chini ya namba moja: ile ya kawaida, halafu ndugu zake, mmoja ameelekea ubuluu, mwingine umanjano, mwingine ana chembe kubwa zaidi. Muuzaji akikuchanganyia ya kwanza kwenye orodha bila kuuliza wala kutazama gari, amebahatisha.

Namba yenyewe iko wapi?

Kwenye Toyota tazama kibati kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, au fungua boneti uangalie ukuta unaotenganisha injini na kabini. Tafuta penye maandishi C/TR au COLOR: herufi na tarakimu za mwanzo ni rangi ya nje, zinazofuata ni za ndani ya gari. Nissan za Japani nyingi zina kibati ndani ya chumba cha injini. Honda na Mazda mara nyingi ni kwenye nguzo ya mlango. Volkswagen huweka karatasi kwenye buti, karibu na tairi la akiba.

Kibati kikiwa kimeng'oka, namba ya chesisi inaweza kutumika kuitafuta. Na kama gari lilishapigwa rangi nzima kabla hujalinunua, kibati hicho kitakudanganya bila haya.

Si nilete tu mfuniko wa tenki la mafuta wakauchanganyie dukani?

Lete, tunapenda. Ila kwanza tuuangalie: mifuniko mingi imeshapigwa rangi tena, na kuna siku tulilinganisha kwa saa nzima na mfuniko ambao haukuwa wa gari hilo. Pia mfuniko uko ubavuni, haujachomwa na jua kama boneti au paa. Unafaa kwa kazi ya mlango au fenda ya nyuma. Kwa boneti, afadhali gari zima lije.

Na usafishwe. Mfuniko wenye mafuta na vumbi una rangi ya mafuta na vumbi.

Mlango wa mbele ndio ulioharibika. Fundi anataka kunichaji na mlango wa nyuma ambao haujaguswa. Ananiibia?

Hapana. Huyo ni fundi anayejua kazi, na yule aliyekuambia atapiga mlango mmoja tu, rangi ya metaliki (yenye chembe za chuma), na hakuna atakayejua, ndiye wa kuulizwa maswali zaidi.

Jicho la binadamu ni hodari sana kuona tofauti pale vitu viwili vinapogusana. Vitenganishe mita moja na halioni kitu. Mlango wa mbele na wa nyuma vinagusana kwenye mstari mnyoofu wa milimita chache, na mstari huo ndio unaomsaidia jirani yako kutoa makosa. Rangi ikitofautiana kidogo tu, mstari unapiga kelele.

Dawa yake ni kuuondoa huo mpaka. Mlango mpya unapigwa rangi kamili. Wa nyuma unasuguliwa kwa msasa laini, namba 1000 hivi, usiokata mpaka chini. Kisha bezi, yaani rangi yenyewe, inapuliziwa nzito karibu na mlango mpya na kuendelea kupungua kadiri unavyoelekea nyuma, mpaka inapotea kabisa kabla ya kufika mwisho. Kazi hii tunaiita kufifisha, mafundi wengi wanasema kublendi. Mwisho mlango wote wa nyuma unapigwa klia kutoka ukingo hadi ukingo. Tofauti ya rangi haijafutwa, iko pale pale, lakini imetandazwa kwenye nusu mita badala ya kusimama kwenye mstari mmoja. Jicho halina pa kushika.

Ukifanya ugomvi, fanya kwenye hili: klia isikatwe katikati ya mlango. Mafundi wengine huipunguza njiani na kuisugua ili ionekane imeungana. Itapendeza miezi michache, halafu ukingo ule utaanza kuonekana na kuambuka juani. Klia iishie penye mwisho wa kipande.

Rangi ipi ni ngumu kulinganisha kuliko zote?

Wateja hutaja nyekundu. Sisi tunataja fedha, tena fedha nyepesi.

Ndani ya rangi ya fedha mna chembechembe za alumini, bapa kama magamba ya samaki. Namna zinavyolala ndiyo rangi unayoiona. Fundi akipiga kavukavu, akiwa mbali kidogo, upepo mwingi na tina (kiyeyushi cha rangi) inayokauka upesi, magamba yanalala bapa karibu na juu na mlango unatoka mweupe unaong'aa. Akipiga kwa majimaji, magamba yanapata muda wa kuzama na kusimama hovyo, na mlango huo huo, kwa kopo lile lile, unatoka mweusi zaidi. Watu wawili, kopo moja, rangi mbili. Na ukitazama kwa upande mambo yanageuka: ule uliokuwa mweusi ukiwa mbele yake huweza kuonekana mweupe ukiutazama ubavuni. Kwa hiyo mteja anaposema «ongeza nyeupe kidogo» huwa tunajaribu kwanza kubadilisha mkono kabla ya kugusa kopo.

Fedha pia haisamehi kopo ambalo halikukorogwa. Alumini inazama chini. Ukimimina bila kukoroga mpaka chini, nusu ya kwanza ya kazi ni rangi moja na nusu ya pili ni nyingine, na kati yake unapata mawingu, yale mabaka ambayo huyaoni mpaka gari litoke juani.

Baada ya fedha inakuja nyeupe ya lulu, ile 070 ya Toyota iliyojaa barabarani kwenye Harrier na Crown. Hii ni tabaka tatu: chini nyeupe ya kawaida, katikati tabaka ya lulu inayopitisha mwanga, juu klia. Lulu yenyewe ni vipande vya madini ya mika vilivyovikwa ngozi nyembamba, na mwanga unapenya, unagonga nyeupe ya chini, unarudi. Kila mkono wa lulu, yaani kila safu unayopulizia juu ya nyingine, unaibadilisha rangi. Mikono miwili ni rangi moja, minne ni nyingine. Niliwahi kujiamini mwenyewe kwenye fenda ya Harrier, nikapiga mikono mitatu kwa mazoea bila kibao cha kujaribia. Gari lilihitaji miwili. Fenda ilitoka na unjano kama jino la mvutaji, na nikaisugua yote nikaanza upya kwa gharama yangu. Tangu hapo lulu haipigwi hapa bila kibao: tunachukua kibati, tunakipiga nyeupe chote, kisha tunakifunika kwa karatasi na kuifunua hatua kwa hatua ili sehemu moja ipate mkono mmoja, nyingine miwili, mitatu, minne. Klia juu. Tunakibandika kwenye gari na kuchagua. Angalia pia kama gari lako ni 070 au 062 ya zamani. Zote watu huziita nyeupe ya lulu, lakini si moja.

Nyekundu ya Mazda, ile inayoonekana kama pipi iliyolambwa, ina ugumu wa aina hiyo: tabaka ya chini yenye chembe za kurudisha mwanga, juu yake nyekundu inayopitisha mwanga, kisha klia. Nayo ina namba mbili, 41V ya kwanza na 46V iliyofuata, na hazibadilishani.

Nyeusi watu huidharau. Toyota ina 202, nyeusi tupu, na 209, nyeusi yenye chembe ndogo za mika zinazojitokeza juani tu. Kivulini ni mapacha. Tumeshapokea gari lenye milango mitatu 209 na mmoja 202, mwenyewe ameendesha mwaka mzima bila kujua mpaka siku aliyoegesha ufukweni mchana.

Nyeupe 040 ndiyo rafiki wa fundi, ikiwa na tahadhari moja: Toyota nyingi za rangi hiyo zimetoka kiwandani bila klia, rangi ni moja kutoka chini hadi juu. Sugua kwa kompaundi, ile dawa ya kung'arishia, mahali pa kificho. Kitambaa kikitoka cheupe, hakuna klia. Ukipiga kipande kimoja kwa bezi na klia, rangi itakubali lakini mng'ao utakuwa wa kioo pembeni ya wenzake waliofifia.

Siku hizi kuna kompyuta inayosoma rangi. Kwa nini bado inakosewa?

Kile kifaa kinapima mwanga unaorudi kutoka kwenye bodi, vile vizuri vinapima kwa pembe kadhaa kwa ajili ya metaliki. Kisha kinatafuta kwenye hazina yake fomula iliyo karibu zaidi. Neno ni «karibu». Kinasoma pale ulipokigusisha tu, kwa hiyo pakiwa pachafu au pamefifia, kimesoma uchafu na kufifia. Na hakijui fundi wako anapiga kavu au majimaji. Kifaa hicho hutupunguzia safari za kwenda na kurudi dukani, lakini kibao cha kujaribia hakijaondoka ukutani kwetu.

Fomula ulizopata mtandaoni pia ziangalie. Ulaya gereji zilibanwa na sheria ya kupunguza moshi wa vimiminika iliyoanza kazi mwaka 2007, na bezi zao nyingi zikawa za maji. Hapa kwetu tunatumia zaidi za tina. Gramu za fomula ya mfumo mmoja hazifanyi kazi kwenye mfumo mwingine, hata namba ya rangi ikiwa ile ile.

Gereji rangi ilifanana kabisa. Usiku nimefika sheli, chini ya taa, mlango unaonekana wa kijani. Nimerogwa?

Hujarogwa. Rangi mbili zinaweza kufikia mwonekano mmoja kwa mchanganyiko tofauti wa vipakazi, yaani rangi za msingi zinazochanganywa kwenye kopo. Chini ya jua zinafanana. Taa ya sheli ina mwanga wa aina nyingine, na kila kipakazi kinaujibu kivyake. Hutokea hasa pale muuzaji alipokosa kipakazi kilichotakiwa akaziba pengo kwa vingine viwili. Kijivu na hudhurungi huongoza kwa mchezo huu.

Ndiyo maana tunatazama kibao mara tatu: juani, kivulini, na chini ya taa. Kikipita kwa mawili, tunakirudisha dukani.

Bampa langu halifanani na fenda, na gari halijawahi kugongwa.

Huenda kweli halijagongwa. Bampa ni plastiki, na kiwandani hupigwa rangi mbali na bodi, mara nyingi kwa muuzaji mwingine kabisa. Bodi ya chuma inaokwa kwenye joto la nyuzi 140 hivi. Plastiki ingelegea na kupoteza umbo, kwa hiyo rangi yake huokwa kwenye nyuzi 80 au karibu na hapo, na rangi yenyewe ni tofauti ili iweze kupinda. Tazama magari mapya ya fedha au ya dhahabu yakiwa yameegeshwa na utaanza kuyaona mengi. Samahani kwa kukuharibia furaha.

Usilinganishe mlango kwa kutazama bampa. Linganisha chuma na chuma.

Nina safari kesho. Mnaweza kupiga bila kibao?

Tunaweza. Utarudi.

Fundi wa mtaani kwetu anapiga chini ya mwembe. Rangi inaweza kufanana?

Inaweza, na wapo wenye mikono ya ajabu. Maadui zake ni vumbi, upepo na unyevu. Miezi ya mvua, hewa ya pwani inabeba maji mengi, na akitumia tina inayokauka upesi rangi inapoa, inavuta unyevu na kuwa na ukungu mweupe. Tina ya taratibu huzuia hilo, lakini inampa nzi nafasi ya kutua. Mchana mkali ni shida ya upande mwingine: bodi imepata moto, rangi inafika ikiwa nusu kavu, na kama ni metaliki umeshajua kinachofuata. Saa moja hadi saa tatu asubuhi ndiyo nafasi yake nzuri.

Jambo moja halihusu rangi: kigumuishi cha klia ya 2K (ile inayochanganywa na kigumuishi kabla ya kupigwa) kina kemikali inayoweza kuleta pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa haiizuii. Ukimwona fundi wako anapiga 2K bila barakoa ya chujio la mkaa, mwambie. Na watoto wasikae karibu.

Yale makopo ya kupuliza yanayouzwa dukani?

Kwa mkwaruzo wa ukucha au ukingo wa kioo cha pembeni, sawa. Kwa mlango mzima, hapana.

Kabla ya kupiga, mbona mnaanza kwa kung'arisha gari upande usiohusika?

Ili tujue rangi ya kweli. Klia iliyochakaa inaweka pazia la kijivu juu ya kila kitu. Tukilinganisha na pazia, mlango utatoka na rangi ya pazia, na siku utakapong'arisha gari zima, mlango ule ndio utakaobaki nyuma. Tunasugua kompaundi eneo la ukubwa wa karatasi ya daftari na kulinganisha hapo. Wakati mwingine mteja anagundua kuwa gari lake bado zuri na hoja ya kupiga rangi inaishia hapo. Tumepoteza kazi kadhaa kwa njia hiyo.

Si bora kupiga gari zima tu?

Kama paneli nne au tano zimeharibika, au klia inabanduka kwenye paa na boneti, ndiyo, hesabu inaanza kukubali. Kwa mlango mmoja, hapana: rangi ya kiwandani iliyo hai ni imara kuliko tutakayopiga sisi. Na ukiamua kubadilisha rangi kabisa, tuseme kutoka nyeupe kwenda buluu, kumbuka kadi ya gari imeandikwa rangi. Shughulikia mabadiliko TRA kabla trafiki hajakuuliza kwa nini gari la kwenye kadi ni jeupe.

Bima inalipa kufifishia mlango wa jirani?

Hutegemea mkataba wako na mkadiriaji. Tunachokijua ni kwamba kisipoandikwa kwenye makadirio ya mwanzo, kukiongeza baadaye ni ugomvi. Mwombe fundi aandike mstari wake peke yake: mlango wa nyuma kushoto, kusugua, kufifisha bezi, klia nzima. Akiandika «rangi» tu, atalipwa rangi ya mlango mmoja.

Nikija kulichukua gari, nikague vipi?

Usije jioni. Njoo mchana, omba gari litolewe nje, liwe limeoshwa na limekauka. Simama hatua tano, mbele ya ungio la paneli. Kisha zunguka taratibu hadi uwe unatazama ubavu wa gari kwa pembe kali, kama unayetazama nyuma kutoka kwenye taa ya mbele. Metaliki mbaya hujificha ukiwa mbele yake na kujisaliti ukiwa ubavuni. Rudi kivulini, rudia. Tazama ndani ya kingo za mlango pia; wengine huishia pale unapoishia kuangalia.

Usitumie picha ya simu kama ushahidi, simu ina maoni yake kuhusu rangi. Nasi hatukubali malalamiko ya picha ya WhatsApp iliyopigwa saa moja usiku. Lete gari.

Baada ya hapo nifanye nini?

Osha kwa maji na sabuni laini, usipake nta kwa wiki nne hivi, klia bado inapumua. Omba kibao cha kujaribia, kile kilichokubalika, na nyuma yake tukuandikie namba ya rangi, fomula iliyotumika, ukubwa wa tundu la bastola ya kupulizia na idadi ya mikono. Kiweke chini ya kapeti ya buti. Mwaka ujao bodaboda akikupitia ubavu mwingine, mletee fundi hicho kibao kabla hujamletea mfuniko wa tenki.